Jiwe la Kijani la Sanne

Gudrun Bisgaard aliokota mawe shambani kwake, kisiwani Mors, kwa miaka thelathini na nane. Kila Aprili, trekta ikishalima na mvua ikishaosha udongo, alishuka na fimbo yake akapita tuta kwa tuta. Madirisha ya sebule yake yalijaa mawe magumu ya gumegume yaliyochongwa na watu wa kale, kila moja na karatasi yake. Mimi ni jirani yake, na mawe hayo niliyajua kama ninavyowajua wajukuu zangu.

Mwaka ule mwanawe Troels alikuja kwa Pasaka na mkewe Sanne, msusi wa Copenhagen. Sanne aliomba waende wote shambani, akavaa viatu vyeupe vya mjini. Hata dakika kumi hazijapita, akainama.

"Mama, hili ni jiwe gani?"

Lilikuwa la kijani kibichi, laini kama sabuni iliyotumika, limechongoka upande mmoja. Gudrun alilishika, akaligeuza. Jiwe kama hilo hakuwahi kuliona Mors.

"La mapambo ya bustani," alisema. "Mtu kalidondosha."

Sanne alicheka, akalitia mfukoni. Nyumbani akalitumia kuzuia leso za mezani zisipeperushwe na upepo.

Kesho yake, vijana walipokwenda ufukweni, Gudrun aliniita. Nilimkuta jikoni, jiwe linaning'inia kwenye uzi ndani ya bilauri ya maji, bilauri iko juu ya mizani ya unga.

"Inger, shika uzi. Lisiguse chini ya bilauri."

Alikuwa ameshalikwaruza kwa kisu. Kisu kiliacha mstari wa chuma tu, jiwe lenyewe halikuchubuka. Akasoma mizani, akapiga hesabu pembezoni mwa gazeti.

"Gumegume ni nzito mara mbili na nusu kuliko maji. Hili ni mara tatu na zaidi." Akakaa. "Ni shoka, Inger. Na jiwe lake limetoka milima ya kusini kabisa, huko Alpi. Watu walilibeba mpaka hapa."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini? Hajui kutofautisha gumegume na kipande cha chupa."

"Ndiyo maana anahitaji kuambiwa."

"Wewe ni rafiki yangu au wake?"

Nilimpa jiwe. Alilifuta jiwe kwa aproni, polepole mno.

"Nikilirudisha shambani," alisema, "halafu kesho nikaliokota..."

"Utakuwa umeliokota mfukoni mwako, Gudrun."

Vijana waliporudi, jiwe lilikuwa limesharudi juu ya leso, na chakula cha mchana tulikula pamoja, mkate mweusi na samaki wa siki. Gudrun hakugusa chake. Kila Sanne alipocheka, yeye alikunja mdomo. Troels, asiyejua lolote, akamchokoza.

"Mama, Sanne ana jicho. Siku ya kwanza tu kaokota. Labda sasa umwachie shamba, wewe ubaki kupika kahawa."

Gudrun aliweka uma chini.

"Si la bustani," alimwambia Sanne. "Nilikudanganya. Ni shoka la watu wa kale, na sijawahi kuokota hata lenye nusu ya thamani yake."

Sanne alilitazama jiwe lililokaa juu ya leso, kisha akamtazama mkwewe.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Kwa sababu nilitaka niliokote mimi."

"Ungeniomba tu, mama. Ningekupa."

Nadhani hata matusi yasingemuuma kama maneno hayo. Gudrun aliinuka, akaenda kusimama dirishani kwenye mawe yake, akatugeuzia mgongo.

Jumanne walilipeleka makumbusho. Mtaalamu wa pale alilipima, akalitazama kwa lenzi muda mrefu, akakubaliana na hesabu ya Gudrun. Kisha akauliza aandike jina la nani kama aliyeliokota.

"Andika yetu sote wawili," Sanne alisema.

"Hapana," alisema Gudrun. "Andika lake. Lakini andika pia kwamba shamba ni langu."

Wageni walipoondoka, Gudrun alishuka shambani alfajiri. Shayiri ilikuwa ipandwe kesho yake. Nilimwona kutoka uani kwangu, ameinama, anarudia matuta aliyokwisha kuyapita. Alirudi saa saba mchana, magoti yamejaa matope.

"Umepata nini?" nikamuuliza.

"Mawe tu," alinijibu, akapita.