Vioo vya Mwalimu Kunda

Hadi uzeeni Edouard Kunda alifuta vioo vya madirisha yake kila Jumamosi, kwa gazeti lililoloweshwa maji, kipande baada ya kipande, kisha akarudi hatua mbili nyuma kujitazama humo. Alikuwa mwalimu wa Kilatini, mwenyeji wa hapa Elisabethville tangu babu zake. Sisi, wahamiaji kutoka Kasai, tulikuwa jirani zake.

Wanajeshi wa Umoja wa Mataifa walipoingia mjini, baada ya jimbo kujitangazia uhuru wake, alinunua kamusi ya Kiingereza na kuokota humo neno moja: "neutral". Alilipenda kama mlevi anavyopenda chupa. Aliwasimamisha wapita njia kuwaeleza kwamba limetoka kwa Warumi: ne, yaani si; uter, yaani yupi kati ya wawili. Si huyu, si yule. Waingereza, alisema, hulitumia kwa nchi isiyoingia vitani, kwa rangi isiyovuta jicho, na kwa gari ambalo injini yake inanguruma huku magurudumu hayaendi. Maana hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfaa, ila yeye alijichagulia ya kwanza, kana kwamba nyumba yake ilikuwa Uswisi.

Septemba 1961 vijana wa wenyeji, wenye minyororo ya baiskeli, walianza kuzivamia nyumba za Wakasai, wakituita maadui wa jimbo. Tulifunga mizigo kwenda kambi ya wakimbizi. Ndugu yangu Paulin, wa miezi kumi, alikuwa na surua, nasi tulishasikia jinsi watoto walivyokuwa wakizikwa kule. Mama alinishika mkono, tukaenda kwa mwalimu.

"Mwalimu, umuchunge siku tatu tu, homa ishuke. Kule batoto beko banakufa."

Alisimama mlangoni, akafungua kamusi. Alimsomea mama yangu, mwenye mtoto anayewaka mgongoni, maana zote za lile neno, na asili yake pia. Mama alisubiri amalize, akidhani jibu liko mwishoni. Mwalimu akafunga kamusi, akafunga na mlango.

Paulin tulimzika kambini siku ya nne.

Nimefundisha miaka ishirini, na sijapata kumdharau mjinga yeyote kama ninavyomdharau msomi yule. Mara ya mwisho kumwona nilikuwa nikipita mtaa wetu wa zamani. Alikuwa juu ya kiti, gazeti mkononi. Alinitambua, akateremka. Hakuuliza habari za mtu. Alinyooshea kidole madirisha.

"Unaona, mutoto wangu? Vita yote ile, hata kioo moja haikupasuka."