Sega Iliyolala Yanonge Miaka Ishirini na Tatu

Mwanamke nisiyemjua alizikataa pesa zangu, akanisukumia sanduku.

"Hii haiko ya kuuzisha," akasema. "Iko ya kwenu."

Sikuwa nimemwambia jina langu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hata kuandika haya kumenichukua mwaka mzima.

Naitwa Elisée. Nina miaka thelathini na tisa, na chumbani kwangu hapa Kisangani nimepanga mashine arobaini na mbili za michezo ya video ya zamani. Naziokota sokoni zikiwa maiti, nalehemu nyaya, napuliza kaseti kwa mdomo kama tulivyofanya utotoni. Mke wangu Prudence amechoka. Husema siku moja ataamka na kukuta kitanda kimetolewa nje ili Sega nyingine ipate pa kulala.

Watu wanadhani ni utoto tu. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa natafuta mashine moja.

Ile ya salle yetu, mtaani Mangobo.

Baba yangu, papa Ignace, alitoka Butembo na kufungua duka la jumla. Pembeni ya duka akaweka hiyo salle, chumba cha michezo: télé moja, Sega moja, benchi mbili. Mwaka 1999 hicho kilikuwa kitu kikubwa. Vijana walijaa mpaka dirishani.

Sheria ya pale ilikuwa moja. Ukifungwa mechi ya mpira, unaacha manette, kile kishikio cha kuchezea, anaingia mwingine. Lakini ukifungwa tano bila, unatoka nje kwa kutambaa chini ya benchi, na wote wanapiga makofi mpaka umalize.

Constant ndiye aliyekuwa akiendesha jenereta yetu. Alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, huko mtoni, mpole hadi kero. Baba alimwamini kuliko alivyoniamini mimi, nami hilo nililijua.

Jumamosi ya mwanzo wa Juni 2000, Constant alinifunga tano bila.

Nikatambaa. Mimi, mtoto wa mwenye salle, magoti chini, vumbi puani, mtaa mzima unapiga makofi. Naye Constant alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuwa na ubaya wowote, ndivyo kila mtu alivyocheka. Lakini mimi niliiweka moyoni.

Jumapili asubuhi salle ilikuwa imefungwa, na Constant haonekani. Jumatatu mabomu yakaanza.

Siku sita majeshi mawili ya kigeni yalipigana katikati ya mji wetu, tukiwa ndani yake. Tulilala kwenye korido, godoro juu ya migongo, tukila mihogo mibichi. Jirani yetu alitoka kuchota maji, hakurudi. Sitaeleza zaidi. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo hawawezi kuamini.

Bunduki ziliponyamaza, ukuta wa duka ulikuwa umetobolewa na bidhaa zimesombwa. Bon, tulikuwa hai.

Halafu wakaja askari watatu. Walikuwa wanapita duka kwa duka, wakichukua kilichobaki.

"Télé iko wapi? Sega iko wapi? Watu wanasema ulikuwa nazo."

"Waliiba," baba akajibu.

"Nani?"

Baba akageuka kutazama ukuta uliotobolewa. Mimi nikaona nafasi yangu.

"Ni Constant!" nikasema. "Watu walimuona Jumapili na gunia kichwani, anaenda mtoni kupanda pirogue!"

Hilo la gunia lilikuwa kweli, niliambiwa na mama muuza makayabo, wale samaki wa chumvi. Neno la wizi nililiongeza mwenyewe. Nilitaka achapwe viboko viwili vitatu, basi. Nilitaka na yeye atambae.

Baba alinitazama. Nilidhani amekasirika kwa sababu nimeropoka mbele ya wakubwa.

Siku mbili baadaye Constant akarudi. Kwa miguu yake mwenyewe! Alikuja na kamba ya samaki wa moshi, zawadi kwa mama. Alikuwa bado anatusalimia mmoja mmoja, anahesabu kama tumebaki wote, askari walipomkamata hapo mlangoni.

"Ulipeleka wapi vitu ya papa huyu?"

Constant hakujibu. Wakampiga. Akageuza uso kwa baba.

"Papa Ignace," akasema. "Papa Ignace, sema basi."

Baba akaangalia viatu vyake.

Mimi nilidhani Constant anaomba msamaha. Naapa, ndivyo nilivyodhani. Wakampeleka upande wa Simi-Simi, na mpaka leo hakuna aliyemuona tena. Samaki wake tuliwala. Njaa ilikuwa kali.

Haya, sasa mwaka jana. Kwenye Facebook nikaona picha ya Sega nyeusi, na maneno machache: "Mwenye hii aje Yanonge." Nikadhani ni mbinu ya muuzaji. Nikakuza picha. Tumboni mwa mashine palikuwa na alama ya msumari wa moto: IG. Baba alikuwa akichoma alama hiyo kwenye kila kitu chake.

 Nikapanda pirogue ya motere siku hiyohiyo.

Mwanamke aliyenipokea ni Marthe, dada mdogo wa Constant. Nilipomuuliza amenijuaje, akacheka kidogo.

"Sura ni ya papa Ignace kabisa. Constant alituonyeshaka photo yenu."

Mashine ilikuwa imefungwa kwa nailoni tatu, pamoja na manette mbili na kaseti nne. Hakuna hata panya aliyegusa.

"Kisha kumukamata, mama alikatala mutu yeyote arudishe hii kitu Kisangani," akasema. "Aliogopa. Lakini alisema tuichunge, iko ya watu. Mama amekufa. Alors, binti yangu akasema tuitie ku Facebook."

Chini ya mashine kulikuwa na karatasi. Mwandiko niliujua kabla ya kusoma, ile saba yenye mkato katikati.

"4 Juni 2000, saa 7 ya usiku. Nimemupa Constant Sega moja, manette mbili, kaseti nne. Atachunga kwao Yanonge mpaka nitume neno. Asiambie mutu. Hata Elisée."

Nilisoma mara nne.

Baba alijua. Angesema neno moja tu, lakini askari wangejua amewadanganya na kwamba ana vitu alivyoficha. Akachagua viatu vyake.

Na Constant naye alikuwa ameambiwa asiseme. Akapigwa, hakusema.

Marthe alinimiminia chai. Akauliza polepole, bila hasira, na hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze:

"Elisée, weye ulikuwa pale. Nani alimutaja kaka yangu?"

Nilifungua mdomo.

Nikaangalia viatu vyangu.

"Sijue," nikasema.

Akanishukuru kwa kuja. Akanifungia samaki wa moshi.

Nilirudi na kuiweka mashine mezani mbele ya baba, na karatasi juu yake. Ana miaka themanini na moja sasa, parokiani wanampa kiti cha mbele. Alisoma. Akavua miwani. Nilingoja alie, au anifukuze, au atamke tu lile jina.

"Inawaka bado?" akauliza.

Nikatoka nje. Nilimchukia kwa dakika kama tano hivi, kisha nikakumbuka chai ya Marthe, nikakosa haki hata ya kumchukia.

Inawaka, ndiyo. Sijaicheza. Imekaa rafu ya juu, ya arobaini na mbili.

Ninyi vijana mnaonisoma, mtu akikutazama akingoja neno lako, liseme papo hapo, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nimelikawiza mara mbili na sijui kama bado lina kazi.

Marthe, binti yako ataiona hii, najua anafuata ukurasa huu. Mwambie akusomee taratibu.

Ni mimi niliyemtaja.