Gari Imepatikana, Timu Iko Wapi?

Leo nimeambiwa gari imepatikana, nikatamani simu ikatike.

Mnajua tulivyoisubiri gari ya rali ya kiwandani, hizi wanazouziwa watu binafsi kama sisi. Bei ya moja unajenga nyumba tatu hapa Arua. Na hata ukipata pesa, timu kubwa zinachukua kwanza.

Asubuhi wakala wa magari ya rali akapiga kutoka Kampala. Nikaweka spika, kama kawaida yetu, gereji nzima isikie.

"Mzee, gari iko! Imekimbia msimu mmoja tu. Hata kukodi wanakubali."

Nikapiga kelele: "Mmesikia?"

Gereji tupu.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Candia, fundi wetu, siku hizi anatengeneza malori kule mpakani, Oraba. Drani, aliyekuwa anakaa kushoto kwangu akinisomea kona za mbele kwenye daftari lake, alioa akahamia Koboko. Mkewe hataki kusikia neno rali.

Nimebaki mimi na gari yetu kuukuu.

Wakala akacheka. "Naona watu wako wamenyamaza. Ongeeni kwanza, halafu unipigie."

Nikasema sawa, tutaongea.

Tangu saa hiyo nimekaa ndani ya hii gari kuukuu, haijawashwa. Daftari la Drani bado liko kwenye mlango. Nimejisomea kwa sauti barabara ya Koboko, kona kwa kona. Barabara ambayo naweza kuipita nimefumba macho.

Nyinyi wengine, niambieni nimjibu nini wakala.

Drani, najua unaona hapa. Ukurasa wa mwisho umelowa oili. Baada ya daraja, ni kulia au kushoto?