Hapo Stesheni Tuna Nani?

Jumamosi iliyopita nilikaa jikoni kwetu, ghorofani huku Dixon Road, simu mkononi, nikipanga safari ya treni kutoka Manchester mpaka Leeds, huko Uingereza. Ndege itatutoa Toronto itushushe Manchester, na kutoka hapo si mbali hadi Leeds kwa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye anaumwa na kumbukumbu inamtoka siku hadi siku. Binti yake alishasema atatufuata uwanja wa ndege na gari. Mama kakataa katakata. Anataka treni, na anataka dada yake amsubiri stesheni, angali anamjua. Nami nimeapa atapata anachokitaka, liwalo na liwe.

"Tutapita wapi?" mama akauliza. Nikamtajia Huddersfield. Akaweka kikombe cha chai chini. "Hapo tuna nani?"

Mwanangu, ambaye kazaliwa huku na husikia Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Swali lile lilinirudisha Tabora, nyumbani kwa bibi mzaa mama.

Kama nawe ulikulia karibu na reli ya kati, utanielewa. Bibi hakupanga safari kwa saa, maana saa za treni alizijua Mungu peke yake. Alipanga kwa watu. Kila likizo tulipokwenda Dodoma, siku kadhaa kabla alimtuma jirani yetu, fundi wa reli, apeleke salamu njia nzima kwamba tunapita. Hapo nyumba ilianza kunukia maandazi na karanga za kukaanga. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa za asali kwa mchanga na majani mpaka zing'ae, na ole wangu bibi aone chupa ina ukungu. Kila ndugu wa njiani alikuwa na chupa yake. "Kupita stesheni ya mtu kimya," alikuwa akisema, "ni kumpita mlangoni bila hodi."

Itigi alikuwa akisimama mama mkubwa mwenyewe, wakati huo kaolewa huko, kitenge kimemkaa, sufuria ya viazi vitamu kichwani. Mama alikuwa anamtafuta tangu treni inapopunguza mwendo, nusu ya mwili nje ya dirisha, nasi tumemshika sketi. Walikuwa wanaongea wote wawili kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake, mpaka honi ilie.

Manyoni ndiko alikokuwa kaka yake bibi. Yeye na bibi walikuwa wamegombana kwa sababu ya ng'ombe wa urithi, na hawakutembeleana tena. Lakini stesheni alikuja. Mwaka mmoja treni ilichelewa vibaya, tukafika jua limeshapinda, tukamkuta yupo pale pale alipokuwa tangu alfajiri, kuku wa kuchemsha kafungwa kwenye kitambaa.

"Umekonda," bibi alimwambia, akimpa asali.

"Nawe umezeeka," akajibu, akimpa kuku.

Basi. Treni ikaondoka. Bibi alimla yule kuku huku machozi yanamtoka, akilalamika kwamba chumvi imezidi. Haikuwa imezidi. Niliionja.

Sasa nisikilize vizuri, rafiki yangu, maana wengine huniona nina kichwa kigumu. Juzi binti wa mama mkubwa alinipigia simu. "Dada, Leeds kuna mageti. Bila tiketi hupiti kwenda kwenye treni. Nitakaa naye nje, kuna sehemu nzuri tu ya kahawa."

Nilimweleza mama. Akatikisa kichwa. "Nje ni barabarani. Yeye alikuwa ananisubiri pale treni inaposimama."

Mwanangu akasema wakutane kwenye kahawa, tofauti iko wapi. Utamwelezaje mtu ambaye hajawahi kushikwa mkono kupitia dirishani? Bibi hayupo, kaka yake hayupo. Hata huko nyumbani treni mpya zinakwenda mbio na madirisha yake hayafunguki. Watu wanafika upesi, na hakuna anayejua kwamba umepita kwake. Nasema kweli, jambo hilo linaniuma. Tulikuwa maskini wa kila kitu, lakini hatukuwahi kupita mahali ambapo hatuna mtu.

Penye nia pana njia. Nimenunua tiketi yangu, ya mama, na ya tatu, ya mama mkubwa, kutoka Leeds kwenda kituo kinachofuata. Hiyo nimemtumia binti wa mama mkubwa kwenye simu aichapishe, yake ajinunulie, amshike mama yake mkono, wapite getini kama abiria wengine.

"Kwani mama anakwenda wapi?" aliniuliza.

"Haendi popote. Anapokea mgeni."

Nikadhani mama atafurahi nikimwambia. Alifuta meza ambayo ilikuwa safi, akaifuta tena. Kisha akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Mpigie tena," akasema. "Mwambie asimwachie tiketi mkononi. Siku hizi dada anasahau. Treni nyingine ikitangulia kufika, atapanda."