Kompyuta ya Mtoto Tusiye Naye

Mume wangu anafundisha watu kuendesha gari. Wengine huiona kazi ya kifalme: unakaa garini siku nzima umekunja mikono, unaendeshwa. Lakini hebu fikiri. Mtu anayelijua gari kuliko anavyovijua viatu vyake, maisha yake yote yamo kwenye kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili, anapelekwa na watu wasiojua kushoto kwao ni wapi. Usukani anaushika pale tu gari linapozimika katikati ya makutano na honi zimeanza kuwatukana. Mtaani wanamwita Mwalimu. Akiwapa mgongo wanamwita Breki, maana hilo neno analitamka kuliko salamu.

Mimi nauza kuku sokoni, naitwa Mama Kuku. Wageni wanadhani ni jina la biashara. Wenyeji wanajua kwamba mwanamke wa rika langu huitwa mama wa fulani, na huyo fulani kwangu hakuja. Tulimsubiri, tukazunguka hospitali, tukachoka, tukanyamaza. Basi nikaitwa kwa kuku. Sina ugomvi na kuku.

Mwalimu ni mtu wa heshima mpaka inachosha. Shati hulifunga hadi kifungo cha shingoni hata jua liwake vipi. Mwanafunzi akizidisha mwendo kidogo atapewa hotuba mpaka ajione ameshaua mtu. Kwa hiyo siku aliponiambia kwamba yule "rafiki yangu" anayekwenda kumwona kila Jumapili mchana ni kibanda cha gemu ng'ambo ya mji, na kwamba anakaa kule kwenye benchi katikati ya watoto wa watu wakishindana magari kwenye kioo, nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Aligeukia ukuta kama mtoto aliyekojoa kitandani.

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Kuku?"

"Sicheki, mke wangu. Mwanafunzi akijua, siku nikimwambia punguza mwendo atanisikiliza?"

Hapo alikuwa na hoja. Gari la kufundishia lina breki mbili, lakini inayolisimamisha kweli ni kuogopwa kwake. Na kibanda chenyewe kilikuwa kimeanza kumponza: vijana wawili wa pale walikuwa wanazungumzia kujiandikisha kwenye shule ya udereva anakofundisha. Kurudi hakuwezi, kuacha hakuwezi. Akaamua anunue kompyuta ya gemu iliyokwisha kuunganishwa, acheze nyumbani, pazia likiwa limeshushwa. Alikuwa na akiba ya mashine ya kawaida, si zaidi. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya ulimi wangu. Nikipewa bei, hainiachi salama.

Tulichagua duka la mbali na kwetu. Njiani tukapatana kabisa: akiulizwa, aseme kompyuta ni ya mpwa wake. Uongo mdogo, wa kiungwana.

Muuzaji alikuwa kijana mwembamba, mwepesi wa maneno. "Karibu mzee, karibu mama. Mnatafuta ya ofisini?"

Mwalimu akakohoa. "Ya gemu. Ni ya... ya mwanangu."

Nikamtazama. Na yeye alikuwa anajishangaa, kama mtu aliyesikia sauti yake ikitoka chumba cha pili. Ningemsahihisha. Sikumsahihisha.

"Hongereni. Ana miaka mingapi?"

"Kumi na minne," akasema Mwalimu.

"Kumi na sita," nikasema mimi, papo hapo.

Kijana akatutazama mmoja mmoja.

"Anakua haraka," nikamalizia.

Akacheka, uongo ukapita. Tena ukapita kwa raha, na hiyo raha ndiyo iliyonitia aibu kabla ya yote. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo akiwa na uhakika kwamba jibu lipo.

"Bajeti yenu?"

Mwalimu akaanza kuzunguka: inategemea, tutaona, wewe tuonyeshe kwanza.

"Mzee, mficha uchi hazai," kijana akasema akitabasamu. "Ukinificha, nitakuonyesha usizoziweza."

Methali ni methali, hakukusudia kitu. Lakini nilijifanya nafuta vumbi kwenye meza yake, na meza haikuwa na vumbi.

Bajeti ikatajwa, mashine mbili zikatolewa, bei moja. Ya kwanza ubavu mmoja ulikuwa kioo kitupu, ndani feni zinawaka nyekundu, buluu, kijani, kama ukumbi wa harusi. Ya pili sanduku jeusi la bati, halina taa hata moja. Ungeweza kulikalia ukidhani ni stuli. Mimi nikafanya ninavyofanya sokoni. Kuku haangaliwi manyoya, hunyanyuliwa. Nikainyanyua ya kwanza, nikainyanyua ya pili.

"Hii ya taa ndiyo yenye nyama," nikasema.

"Mama, huo ni uzito wa kioo," kijana akanijibu. Basi, nikarudi nyuma.

Mwalimu ndiye aliyejua. Nilimwona macho yanavyomtembea juu ya yale makaratasi ya maelezo, lakini mzazi hapaswi kujua mambo hayo, kwa hiyo kila alilolijua alilitia kinywani mwa mtoto.

"Mwanangu aliniambia nisidanganywe na taa. Niulize kadi ya picha."

"Ile inayochora gemu? Ipo ya kutosha, mzee. Tena hii ya taa ina prosesa, ule ubongo wake, kubwa zaidi."

"Ya kutosha kwa nani? Mwanangu anasema prosesa kubwa na kadi dhaifu ni dereva hodari kwenye gari lenye injini ya pikipiki. Na anasema ramu, ile kumbukumbu ya mashine, unaweza kuiongeza baadaye, lakini ukikosea kadi umekosea kila kitu."

"Loo! Huyo mtoto ana akili. Kalelewa na nani?"

"Mama yake," Mwalimu akasema.

Kifua kikanijaa. Nasema kweli, nilijivuna kwa ajili ya mtoto asiyekuwepo, mle dukani, mbele ya mtu nisiyemjua. Halafu nikatazama sakafu.

Hapo kijana akataja sheria ya duka. Mali ikitoka mlangoni hairudi, kwa hiyo kila mteja hujaribu palepale, acheze gemu anayoitaka mpaka aridhike. Karatasi husema kila kitu, alisema, ila mchezaji akikaa nayo dakika chache anajua. "Mleteni kijana mwenyewe."

"Yuko shule," Mwalimu akasema.

"Shule si zimefungwa?"

Mwalimu akashika kifungo chake cha shingoni.

"Basi mpigie simu, mzee. Niongee naye, niulize anacheza nini, nichague mimi."

Mwalimu akatoa simu mfukoni. Akaishika. Sijui alitaka kumpigia nani. Na katika hali hiyo hiyo mlango ukasukumwa, akaingia mwenye saluni wa mtaani kwetu, amefuata simu yake iliyokuwa inabadilishwa kioo. Huyu ni jirani yangu mlango wa tatu, na tena ni mwanafunzi wa Mwalimu, yuko karibu kufanya mtihani.

"Heee! Mwalimu! Na Mama Kuku! Huku mmefuata nini?"

Kijana, kwa wema wake, akatujibia. "Wanamnunulia mtoto wao kompyuta. Ndiyo tunataka kumpigia."

"Mtoto wao?"

Akamtazama kijana, akamtazama Mwalimu, kisha macho yakaja kwangu, yakashuka tumboni, yakakaa. Tumbo la mwanamke wa umri wangu! "Mtoto yupi, shoga yangu?" akaniuliza taratibu. Hakuuliza kwa ubaya. Angeuliza kwa ubaya ningempata, maana kwa ubaya mimi nina stoo nzima ya majibu. Aliuliza kwa huruma, kama mtu anayeogopa kwamba nimeanza kupungukiwa akili. Ulimi wangu, huo uliochukuliwa kwa kazi maalumu, ulikauka kama gome.

"Hakuna mtoto," Mwalimu akasema.

Alisema kwa ile sauti yake ya breki. Wote tukasimama.

"Kompyuta ni yangu. Anayecheza gemu ni mimi." Akairudisha simu mfukoni, akavuta kiti, akaketi. "Niwekee gemu kwenye zote mbili."

Kijana akasogeza kibodi. "Gemu... gemu gani, mzee?"

"Ya magari."

Akaanza na ile ya taa. Njia ikinyooka ilikwenda vizuri, lakini kila alipoingia kona picha ilikwama, ikaruka, gari likajikuta ukutani. Akahamia sanduku jeusi. Lile lilitiririka kama mafuta. Na hapo, nikiwa nimesimama na mkoba wangu kifuani, nikagundua kwamba miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumwona mume wangu akiendesha. Kumbe anaendesha hivi! Mabega yametulia, vidole vinagusa tu. Wakati huohuo shingo yake ilikuwa imelowa jasho mpaka ukosi ukabadilika rangi, na nilitamani amalize, na nilitamani asimalize.

Mwenye saluni alikuwa nyuma yake, mkono mdomoni. "Mwalimu, hiyo ni mia mbili na ngapi? Juzi si ulinishusha garini kwa hamsini?"

Mwalimu akaingia kona nyingine.

"Na taa nyekundu umeipita! Jamani, mwalimu wangu!"

Masikio yake yalikuwa yameiva.

Tulichukua sanduku jeusi. Bei sikuipunguza hata kidogo, kinywa kilikataa. Kijana akaongeza kipanya cha bure bila kuombwa, akaninong'oneza, "Samahani mama, sikujua." Hilo samahani lilikuwa zito kuliko kompyuta.

Njiani Mwalimu alibeba boksi begani, mimi nikabeba kipanya.

"Ungesema ni ya mpwa wako," nikamwambia. "Ungesema kijana wa duka amesikia vibaya. Jirani angemeza."

"Alikuwa anangoja wewe ujibu."

Nikanyoosha mkono, nikamshikia boksi upande mmoja.

Habari zilitangulia kufika. Saluni ni redio isiyohitaji umeme. Wiki hiyo wanafunzi walimuuliza kama hapa mjini pia mtu akigonga anaanza upya. Mmoja aliambiwa breki akacheka kwanza, akakanyaga baadaye, na taa ya mbele ya gari ikabaki kwenye nguzo ya geti. Mwenye shule akamwita Mwalimu ofisini, akamwita "kijana wangu" mbele ya karani. Mume wangu ana mvi. Alinisimulia akiwa anakula, bila kuinua uso kutoka kwenye sahani.

Jumapili iliyofuata alishusha pazia, akaiwasha. Mimi nilikuwa uani nanyonyoa kuku wa oda. Nikamwona mwenye saluni anakuja, viatu vinagonga, kitenge kipya. Mtu huyu haji bure.

"Mwalimu yupo?"

Ningesema amelala. Ningesema amekwenda kwa rafiki yake. Vyote vilikuwa tayari mdomoni.

"Yupo," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani wa mbele. "Anaendesha."

Ndani feni ikanyamaza palepale. Ameizima, masikini. Akatoka na shati limefungwa mpaka shingoni, anapepesa macho kama aliyeamshwa.

"Mtihani wangu ni keshokutwa," mwenye saluni akamwambia. "Kona zinanishinda. Nataka unionyeshe ulivyokuwa unazikata kule dukani."

Nilimkazia macho nione kama ni dhihaka. Sikujua. Mpaka leo sijui. Mkononi nilishika kuku mzima, tayari kumrushia.

Mwalimu alitazama vidole vyake vya miguu.

"Breki kwanza," akasema polepole, bila kumwangalia. "Kabla ya kona, si ndani ya kona."

"Nionyeshe basi."

Akasogea pembeni mlangoni, nusu hatua tu, shingo imeinama. Mwenye saluni akavua viatu, akaingia. Mimi nikamfuata na manyoya yangu mikononi, nikalivuta pazia, mwanga ukaingia.

Hakuniambia nilishushe.