Mtani Alivyouteka Usingizi wa Baba

Baba yangu ni dereva wa treni, na kwa muda mrefu kilichomshinda ni kitu ambacho abiria wake wanakifanya wakiwa wamekaa, midomo wazi: kulala. Akirudi asubuhi kutoka safari ya Mpanda ilibidi alale mchana, na mchana wa Gongoni, mtaa wetu hapa Tabora, chini ya bati, mwezi wa kumi, ni mahali pa kuokea mkate. Nje kuna bajaji, fundi wa kuchomelea mageti, na jogoo asiyejua saa.

Tulianza kuona dalili. Akaweka rimoti kwenye friji. Akatia chumvi kwenye chai, akainywa mpaka mwisho. Mimi nikawa naigiza yote hayo shuleni na darasa likawa linacheka sana. Shule ilipotupeleka Kwihara kuona tembe, ile nyumba ya udongo ya zamani, tukaambiwa misafara ya biashara ilitembea miezi kutoka pwani kabla ya kupumzika huku kwetu. Nikamwambia rafiki yangu, watu walitoka Bagamoyo kwa miguu kuja kulala Tabora, baba yangu kazaliwa hapahapa na hawezi kulala.

Halafu siku moja naosha vyombo nje ya dirisha la jikoni nikamsikia anamweleza mama kwamba ameingia stesheni moja njiani na hakumbuki kama ishara ilikuwa imemruhusu. Alikuja kuulizia, akaambiwa ilimruhusu. "Lakini mimi sikuiona," akasema. "Macho yalikuwa wazi na sikuiona." Mama akamwambia aende kwa daktari. Baba akakataa, kwa sababu dereva akiandikwa mahali popote kwamba halali, anateremshwa kwenye injini, na injini ndiyo kazi aliyoijua tangu kijana. Baada ya hapo sikumwigiza tena karibu wiki nzima, na kwangu hiyo ni rekodi.

Dawa ilitoka Dar. Kijana mmoja wa jimu, anayejuana na dereva mwenzake baba, alikuwa anauza kitu kinaitwa peptidi, kwamba ukijichoma unapata usingizi mzito wa kweli, ule wa chini kabisa. Ikaja kwa basi kwenye kindoo cha barafu, na barafu ilikuwa imeshakuwa maji. Chupa mbili ndogo za kioo zenye kifuniko cha mpira, ndani unga mweupe usiofika hata ncha ya kijiko.

"Hebu nisomee hapa, mama," baba akaniambia. Mimi ndiye mwanasayansi wa nyumba, nipo kidato cha tatu.

Nikamweleza kwamba peptidi ni vipande vya vitu vilevile vinavyojenga protini, vimeungwa kama mnyororo mfupi.

"Kama maharage?"

"Kama maharage yaliyosoma."

Akauliza maandishi madogo ya chini yanasemaje. Nikamsomea: kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu. Baba akafikiri kidogo. Akasema hiyo wanaandika kukwepa serikali, na tena yeye binadamu gani asiyelala. Nikacheka, maana kwa kweli ilichekesha, lakini mama hakucheka. Kipimo nacho hakuna aliyekijua. Ujumbe wa sauti wa yule kijana ulisema achanganye na maji ya sindano, ajichome chini ya ngozi ya tumbo, aanze kidogo aone. Aone nini, hakusema. Baba akapanga kujichoma Jumamosi mchana, ili Jumapili apande injini akiwa mtu mpya.

Jirani yetu ni nesi mstaafu. Ni Mzaramo, ameolewa Tabora kabla mimi sijazaliwa, na kwa hiyo ni mtani wetu. Kwa asiyejua: sisi Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara, mababu zetu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo mabegani. Mtani anaingia kwako akakutukana, akachukua kitu chako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikitaka, unakikomboa. Mwaka jana alichukua kiatu kimoja cha kazi cha baba, na kilirudi kwa jogoo mzima.

Jumamosi hiyo aliingia kutafuta barafu. Nikamwamkia, akaitikia huku kichwa kikiwa ndani ya friji, kisha akatoka na zile chupa. Akaniuliza ni za nani. Nikamwambia yote, na la ishara nikalitia. Akavaa miwani, akasoma, akazifunga kwenye pindo la khanga yake.

"Nimeteka," akaita kuelekea chumbani.

Baba akatoka na singlendi. Kwanza alidhani ni mchezo wa siku zote. Akasema Wazaramo walizoea kungoja mizigo ya wenzao ifike pwani ndipo waamke.

"Na nyie mlilala popote kama magunia," bibi nesi akajibu. "Leo Mnyamwezi anaagiza usingizi kwa basi."

Baba akaahidi kuku wawili. Bibi nesi akakataa. Baba akaongeza asali, na ilikuwa asali ya Sikonge, mimi mwenyewe ningezitoa hizo chupa.

"Sitaki asali. Nakutaka wewe Jumatatu, kwa daktari. Nitakaa pale benchi mpaka utoke."

"Mtani, wataniteremsha."

"Najua."

Hapo utani ulikuwa umeisha, ila baba hakuweza kusema umeisha. Angemshika mkono kumnyang'anya chupa angekuwa amevunja jambo kubwa kuliko usingizi wake. Akasimama pale mlangoni, akamtazama mama, akanitazama mimi. Nilikuwa na mzaha mmoja mzuri sana mdomoni, nikaumeza.

Kisha akaingia chumbani, akachukua simu, akampigia mkubwa wake wa kazi. Tulisikia kila neno kwa sababu anaongea na simu kama anaongea na behewa la mwisho. Alisema kesho asipangwe. Alisema sababu.

Jumatatu daktari alimwambia kwamba hata yeye hawezi kujua mle ndani ya chupa mna nini, na kwamba utafiti wenyewe bado haujafika pa kumpa mtu. Akauliza kama anakoroma, mama akajibu kwa niaba yake, kwa urefu. Akaandikiwa kwenda kupimwa usingizi Dar.

Mpaka majibu yatoke amewekwa kwenye uwanja wa mabehewa pale stesheni, zamu ya mchana, kuyapokea na kuyapanga. Posho ya safari hakuna. Anasema ni kazi ya kusukuma vitu mbele na kurudisha nyuma. Treni ya Mpanda ikipiga honi anainua kichwa kwenye sahani, anasikiliza ni nani anaiendesha, anaendelea kula.