Minyoo Iliyokula Tumbawe la Binti Yangu

Mimi nilitoka shule darasa la nne na sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa hilo. Nilianza na kikapu mgongoni kwenye mashamba ya watu, na leo majani chai yangu yanaanzia barabarani, karibu na Silibwet, mpaka mtoni. Ng'ombe wangu akiugua, najua kabla daktari hajavaa gambuti. Nasema haya mapema ujue ni mtu wa aina gani aliyeshindwa na mdudu mdogo kuliko kucha ya mtoto, ndani ya kioo, sebuleni kwake mwenyewe.

Tangi ni la binti yangu kitinda mimba. Alisomea viumbe wa bahari, na alipopata kazi ng'ambo kwa miaka miwili aliniachia mimi. Maji ya chumvi, taa za buluu, samaki wanne, na matumbawe. Mimi niliyaita mawe mpaka akanikataza. "Baba, huyo ni mnyama. Anakula, anakua, na anaweza kufa." Lile kubwa la katikati, la zambarau, lenye matawi mengi, alilianza likiwa kipande cha urefu wa kidole, mwaka wake wa kwanza chuoni. Siku ya kuondoka hakunililia mimi. Alisimama mbele ya kioo akalililia lile. Nikamwambia aende kwa amani, atalikuta. Nimelea watoto saba na hakuna aliyenifia mkononi.

Amri aliyoikazia ilikuwa moja: kitu kipya kisiingie tangini kabla ya kuoshwa kwa dawa na kukaa peke yake kwenye beseni wiki nyingi.

Sasa, nina rafiki Londiani, mzee wa viazi, ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Nyeri. Aliona tangi langu, akaenda akaweka la kwake kwenye lojingi yake ya wageni, kwa wivu tu. Jumapili moja akaja kwangu na kipande cha tumbawe la kijani ndani ya mkebe wa maziwa, ameushika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sadaka.

"Mzee, hapa kwako ni zambarau tupu, kama sare ya kwaya," akasema. "Nimekuletea kijani."

"Yangu yana miaka. Yako ni ya juzi."

"Ndiyo maana hayajazeeka kama mwenye nyumba. Weka tuone!"

Mama watoto akaniambia kwa lugha yetu, polepole, "Si ulisema beseni?" Beseni lilikuwa stoo, kati ya mbolea na magunia ya mahindi. Kwetu mtu akikuletea ng'ombe, humfungui ng'ombe mdomo uhesabu meno aliyemleta akiwa amesimama hapo. Ningemwambia nini mtu aliyetoka Londiani na maji yakimwagikia suruali? Kwamba zawadi yake ina chawa? Nikaliweka tangini kwa mkono wangu. Akapiga makofi, tukanywa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni.

Baada ya kama mwezi lile kubwa likaanza kupauka, kwanza chini kwenye shina. Nikasema ni giza, nikashusha taa. Likazidi. Nikasema ni njaa, nikaongeza chakula, maji yakachafuka. Daktari wa mifugo alikuwa amekuja kutibu ndama, nikamwingiza sebuleni. Akainama akatazama sana. "Mzee, hii haina mkia wala kwato. Sijui hata niishike wapi." Tulicheka, lakini mimi nilicheka kidogo.

Binti alikuwa akipiga simu kila Jumamosi, nami nikimwambia kila kitu kiko sawa. Siku moja mama watoto akaninyang'anya simu akaielekeza kwenye kioo. Binti akaomba simu isogezwe karibu na kioo. Kisha akasema, "Baba, chukua lile bomba la kunyweshea mbuzi dawa, lakini jipya. Vuta maji ya tangi, upulize kwenye matawi."

Nikapuliza. Vikatoka vitu kama magamba ya ngozi, vyembamba, rangi ile ile ya tumbawe, vinajikunja vikielea. Nilikuwa nimevitazama kila siku bila kuviona. Akasema ni minyoo bapa, inakula nyama ya tumbawe, na yale madoa meupe ya mviringo ni mahali imeuma.

"Kuna kitu kipya uliingiza?"

"Hapana," nikasema.

Lile la kijani lilikuwa pembeni, nje ya picha.

Akaniambia dawa ya kuoshea iko kabatini. Dipu! Hiyo naijua, nimepitisha ng'ombe kwenye dipu ya kupe maisha yangu yote. Niliosha matumbawe madogo kwenye ndoo, minyoo ikaanguka chini imekufa, nikajiona mtu tena. Jumamosi binti akanivunja moyo. Dawa inaua mnyoo, haiui yai. Kupe anadondoka anataga kwenye nyasi, lakini huyu anataga pale pale anapokula. Lazima mayai yakwaruzwe kwa mkono na kuosha kurudiwe kila wiki. Na lile kubwa halingeweza kutoka, lilikuwa limeota likashikana na mwamba.

"Likate, Baba. Chukua ncha zilizo hai, mama yao, lile shina, umtupe."

"Si litachipuka? Chai tunaikata mpaka magotini."

"Hili halichipuki. Palipoliwa pamekwisha."

Nilikata kwa koleo. Mlio wake ni kama wa mfupa wa kuku. Nilipata ncha tisa. Kisiki nikakibandua mwambani vipande vipande, nikakipeleka nje, mbwa akanusa akarudi nyuma. Hapo ndipo nikamwambia binti ukweli: ni lile la kijani, na ni mimi. Akauliza kwa nini sikutumia beseni. Nikajibu kwamba aliyelileta alikuwa amesimama pale. Jibu hilo kwangu ni kamili. Kwake nilisikia lilivyokuwa dogo.

Wa Londiani bado sijamwambia.

Sasa ni safari ya tano ya kuosha. Ncha zimebaki mbili. Wiki jana nilikaa mezani na kijiti cha meno, miwani juu ya miwani, nikitafuta mayai. Kidole changu kinampata kupe ndani ya sikio la ng'ombe bila mimi kuangalia, lakini mayai haya yamelala bapa na hayana uvimbe. Sioni kitu. Kwa hiyo binti ananitazamia kwa simu, yeye ng'ambo, mimi hapa.

"Geuza, Baba. Polepole. Sasa nyuma."

Nikageuza ncha ya kwanza. Nikageuza ya pili. Akasogeza uso karibu na simu.

"Ni mayai?" nikauliza.

"Mtandao unasumbua, Baba. Sioni vizuri."

Picha kwangu ilikuwa safi kabisa. Nilimwona ameangalia pembeni, akifuta uso kwa mkono wa sweta.

"Sawa," nikasema, nikaendelea kukwaruza.